Korosho kwenye Kaburi la Kale

Kwanza kabisa, msiniite bibi. Kuacha kazi si kuzeeka. Nina miaka thelathini na mbili, watoto watatu, na meno yangu yote yapo mdomoni. Nimeacha kazi kwa sababu Landrova ya ofisi haina petroli, karatasi nyembamba za kunakilia hazipatikani hata kwa dawa, na mwanangu wa tatu hakukubali kungoja hali ya nchi itengemae ndipo azaliwe. Basi nimekaa zangu Kongowe, nalima mchicha, nafua nepi, na nina hasira.

Hasira yenyewe ni hii. Juzi sokoni Mlandizi nimekutana na msichana aliyemaliza kidato cha nne, kaajiriwa pale pale nilipokuwa mimi. Nikamuuliza, "Wamekwambia kazi ni nini?"

Akajibu, "Kuchora maua, dada."

Kuchora maua! Nilikuwa nimeshika fungu la matembele, nikalirudisha chini kwa kishindo hadi muuzaji akadhani nimegombana naye. Nikasema potelea mbali, hawa wadogo zangu lazima waandikiwe. Ndiyo haya mnayosoma.

Sikilizeni. Muhogo hauna cheti cha kuzaliwa. Mnazi hauna. Ukimuuliza mkulima yeyote mpunga ulifika lini huku kwetu, atakwambia aliukuta, na baba yake aliukuta, na historia imeishia hapo. Zipo njia za kutafuta. Wapo wanaochimba na kuchekecha udongo wapate mbegu zilizoungua zamani. Sisi, katika chumba kimoja nyuma ya ghala la mbegu pale Kibaha, tulikuwa na njia yetu: tuliwaangalia wachoraji wa kale. Mtu aliyejenga msikiti wa mawe karne nyingi zilizopita alichonga jani kwenye fremu ya mlango. Jani la nini? Mwingine alitia shada kwenye kaburi la mkubwa wake. Shada la mmea gani? Jani likitambulika, umepata fununu kwamba yule bwana mmea huo aliujua.

Mkuu wetu, Bwana Temu, mtaalamu wa mimea aliyesoma mpaka akasahau kupumzika, alikuwa na vitabu vya picha. Alituonyesha makaburi ya Misri yenye mizabibu na mikomamanga ukutani. Alituonyesha picha za zamani za Ulaya, tikiti limekatwa katikati, ndani jeupe lina madoa mekundu kidogo tu, hata mate hayakutoki. "Mnaona?" alikuwa akisema, kidole kikigonga ukurasa. "Huyu alikuwa anatengeneza pambo la ukutani kwa tajiri. Hakujua kuwa anatuwekea sisi historia ya tikiti."

Nitawaeleza kazi ilivyo, na nitawaeleza habari ya korosho, kwa sababu korosho hiyo nusura initoe kwenye kazi ya nje na kunifungia masjala. Nami wakati huo nilikuwa na mtoto mchanga na kazi niliyoipenda, na sikuwa tayari kuambiwa nichague.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, mchoraji, mtu wa Masaki kule Kisarawe. Mwembamba, mpole, na kofia yake ya kiua haikuwahi kuonekana chafu ingawa kazi yetu ni vumbi tupu. Wiki yangu ya kwanza alinipa nichore bakuli la kale la Kichina, yale waliyokuwa wakiyapachika kwenye nguzo za makaburi. Ndani lina ua la samawati. Nikalichora vizuri, nikajiona fundi, na chini nikaandika jina: yungiyungi, linaota Mto Ruvu. Mimi ni mtoto wa Mlandizi, mayungiyungi nimeyachuma tangu sijaanza shule.

Mzee Sefu akatazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Mwanahamisi, bakuli hili limetengenezwa wapi?"

"China, mzee."

"Na fundi wa China alikuja Ruvu kuangalia ua?"

Nikaanza kutafuta kifutio.

"Au Ruvu ndiyo iliyokwenda China likizo?"

Wenzangu mle chumbani walicheka mpaka dereva akaja kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo kila nikimiminiwa chai mtu ananiuliza, "Hii ya Ruvu au ya China?" Lakini somo liliingia. Chombo kinasafiri, na pambo linasafiri nacho. Ukiona ua kwenye bakuli, umejua macho ya aliyelipaka rangi huko alikokuwa. Ukiona ua kwenye ukuta ambao haukuhama, hapo una jambo la kuuliza. Kuuliza, nimesema. Sio kutangaza.

Na mnapofika ukutani, kwa hisani yenu, msiguse jiwe kwa brashi ya waya. Atakayekupa brashi ya waya mrudishie huku umemkazia macho. Tumia makumbi ya nazi yaliyopigwa yakalainika, futa polepole, kutoka juu kwenda chini. Zamani Mzee Sefu alinakili kwa mkaa: unabandika karatasi juu ya mchongo, unasugua, alama inatokea. Shida ya mkaa ni jasho. Tone moja la kwenye paji la uso na jani limegeuka samaki. Baadaye tukahamia kwenye nta iliyochanganywa masizi ya taa, na hiyo haikimbii. Mchanganyo wenyewe tuliupata baada ya kuharibu sufuria mbili za mke wa dereva, ambaye mpaka leo hanisalimii vizuri.

Jua la saa sita ni adui. Linaangukia juu, kila kitu kinalala bapa kama chapati. Nenda asubuhi, jua likiwa linapita ubavuni, kila kijimstari kinasimama na kivuli chake. Mawingu yakikushinda, chukua kioo cha mkono, simama pembeni, utupie mwanga ukutani kwa upande. Utaona mambo yanayotoka! Mimi nilitumia kioo nilichopewa harusini. Mume wangu alilalamika kuwa hajioni tena akichana nywele. Nikamwambia hajabadilika. Kamera ilipokuja, kila mtu akaikimbilia, na taa yake ikapiga mbele moja kwa moja, bapa tena. Kamera ni nzuri, siikatai, lakini haitembei kuzunguka ukuta ikajiuliza.

Jambo jingine. Fundi wa pambo anapenda majani yakae mawilimawili, kushoto na kulia, kama wanafunzi wa mstarini asubuhi. Mmea wenyewe huenda unayatoa moja moja, hovyo. Kwa hiyo majani yasikuhadae. Angalia tunda, na angalia linavyoshikana na kikonyo. Hapo ndipo fundi anaposema kweli mara nyingi.

Na ni hapo hapo kwenye tunda ndipo balaa lilipoanzia.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Picha moja ikaletwa ofisini, imepigwa na mwanachuo aliyekuwa akizunguka pwani ya wilaya ya Kisarawe. Picha ya kaburi la kale, ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa. Ukungu mtupu. Lakini katikati lilionekana tunda limening'inia, nene chini, na mwisho wake kitu kidogo kimepinda kama figo.

Bwana Temu akatuita. "Hiki ni nini?"

Mtoto yeyote wa Kisarawe angejibu kwa kinywa kilichojaa. "Bibo na korosho yake," nikasema.

"Na kaburi hili ni la kabla ya Wareno kufika."

Lazima muelewe uzito wa maneno hayo. Mkorosho, kwa tunavyofahamu, ulivushwa bahari na Wareno kutoka Brazili. Kabla yao haukuwepo huku. Kama kaburi lililojengwa kabla yao lina korosho, basi vitabu vyote vimekosea na aliyepatia ni Bwana Temu wa nyuma ya ghala la mbegu. Mtu alikuwa haketi. Alikwishawaalika wataalamu wa Dar es Salaam waje kuutazama mchoro. Mchoro wenyewe haujachorwa, na msumari wa kuutundikia umekwishapigiliwa ukutani.

Wa kwenda kunakili ni mimi, maana macho ya Mzee Sefu yalikuwa yameanza kuingia ukungu na mkono unatetemeka. Lakini Zuhura wangu alikuwa na miezi michache, ananyonya. Bwana Temu akanifungia mlango, akanikalisha.

"Mama Zuhura, nimeona uhamie masjala. Kuna kivuli, kuna kiti. Safari za porini na mtoto mchanga hazifai. Nakufikiria wewe."

"Mimi nikijifikiria, sijikuti masjala."

"Usiwe mkali."

"Sijawa mkali bado, Bwana Temu. Nikiwa mkali utajua. Mama zetu wanalima na watoto mgongoni, wanatwanga na watoto mgongoni, hakuna aliyewahi kuwaonea huruma akawapa kiti. Leo mimi nashika penseli ndiyo mgongo wangu umekuwa dhaifu?"

Mzee Sefu, aliyekuwa nje ya mlango kwa bahati mbaya ya makusudi, akakohoa. "Bwana mkubwa, kuna mwingine anayejua kunakili?"

Hakuwepo. Bwana Temu akasugua uso. "Basi safari hii moja. Ukiniletea mchoro wa korosho, safi, utabaki kazi ya nje na mtoto wako. Ukirudi mikono mitupu, masjala, na sitaki kelele."

Nikasema sawa. Kelele niliziweka akiba.

Mimi, Zuhura na Mzee Sefu tulilala Masaki kwa dada yake mzee, Bi Tatu, mjane, mama wa sauti nene na kicheko kinachokutangulia mlangoni. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku mikono yake imekwishamchukua Zuhura. Usiku tulikula muhogo wa nazi. Kusikia tunakwenda makaburini pwani, akasema na yeye anakwenda. Makaburi yale ni ya ukoo wa marehemu mumewe. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia wao huenda kufyeka na kufagia, na huo ndio mwezi wenyewe.

Mzee Sefu akajikuna kidevuni. "Wanawake wawili makaburini, dada. Wazee wa kule watasemaje?"

"Mwanamke hafuati jeneza," Bi Tatu akasema. "Hili jeneza limetangulia tangu hajazaliwa babu wa babu yako. Nitalifuata vipi?"

Asubuhi tukafika. Jua lilikuwa zuri, linapita ubavuni kama nilivyowaambia. Bi Tatu akakaa na Zuhura kwenye kanga, mimi nikafanya kazi. Nifute nini, nisifute nini; karatasi, kitambaa cha unyevu, nta. Wadogo zangu, niwaambie ukweli, ule ulikuwa mchoro bora kuliko yote niliyowahi kufanya. Kikonyo, bibo, korosho na mkunjo wake, jani na mishipa yake. Nilikuwa nimekwishajiona Kibaha, naupachika kwenye ule msumari, halafu natoka nje bila kusema neno.

Nikamwonyesha Bi Tatu, nijivune kidogo. Akaitazama karatasi. Kicheko chake chote kikaondoka usoni.

"Huu ni mkono wa Mbwana," akasema.

"Mbwana nani, bibi?"

"Mume wangu." Akaweka kidole juu ya jani, hakuligusa. "Aliyakunja majani hivi hivi, kwenye milango, kwenye vitanda, kote. Nilimwambia jani la mkorosho halikunjiki hivyo. Akasema lake linakunjika."

Nikaketi chini. Zuhura akaanza kulia, nikampa ziwa, na Bi Tatu akaanza kunieleza, taratibu, jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kama kupika. Kaburi la babu wa ukoo likichakaa, chokaa ikianza kubanduka, ukoo unaenda kulipaka upya. Wanawake wanachoma matumbawe na kuchekecha chokaa, wanaume wanapaka. Kabla chokaa haijakauka, fundi wa ukoo anachora juu yake, kwa ncha ya kijiti, chakula au zao lililowalisha miaka ile. Mbwana alipaka zamu yake wakati mikorosho ilipoanza kuwapa watu wa Kisarawe nguo na bati.

"Ili babu aone tunakula nini," Bi Tatu akasema. "Asidhani tumelala na njaa."

"Na chini ya hiyo ya Mbwana?"

"Kuna ya baba yake. Na chini yake ya babu yake. Unafikiri tunabandua? Kaburi la mtu hilo, sio sufuria."

Nikaenda kwenye pembe ya ukuta, pale chokaa ilipopasuka, nikatupia mwanga wa kioo. Ni kweli. Tabaka juu ya tabaka, kama chapati ya kusukuma ukiitazama ubavuni. Kaburi lilikuwa la kale, hilo hakuna ubishi. Korosho haikuwa ya kale. Korosho ilikuwa na mjane, na mjane alikuwa amemshika mwanangu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na ile karatasi mapajani, imeviringishwa vizuri. Mzee Sefu akasubiri tukipite Kisarawe mjini ndipo aseme.

"Alisema umletee mchoro wa korosho, safi."

"Alisema hivyo."

"Na huo ni mchoro wa korosho, safi."

"Mzee, unanijaribu au unanishauri?"

"Mimi nipo karibu kustaafu," akasema. "Nikinyamaza nitapewa saa ya mkononi. Wewe ukisema utapewa masjala. Nilitaka tu tuelewane gharama."

Niliwaza, msifikiri sikuwaza. Ningeutundika tu ule mchoro. Hakuna ambaye angekwenda kumuuliza Bi Tatu. Ningebaki na kazi ya nje, na Zuhura mgongoni, na kila asubuhi ningepita chini ya uongo wangu uliotundikwa ukutani. Kingine kilichonikera zaidi ya uongo ni kwamba Mbwana angepotea. Kazi ya mikono yake, jani lake la kujikunja, lingeitwa la fundi asiyejulikana wa karne kadhaa nyuma. Mtu ana mke hai na mnamfanya asijulikane!

Bwana Temu alikuwa mlangoni tulipofika. Akaukunjua mchoro juu ya meza, na uso wake ukawaka, kweli, kama wa mtoto siku ya Idi.

"Mama Zuhura," akasema, "mchoro huu!"

"Ni mzuri. Korosho si ya kale."

"Unasemaje?"

"Kaburi ni la kale. Chokaa ya juu ni ya juzi. Aliyechora anaitwa Mbwana, mkewe anaitwa Bi Tatu, na jana usiku amenipikia muhogo."

Nikamweleza yote. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza, alitazama ule msumari ukutani, kisha akanitazama mimi kama niliyeupigilia mimi.

"Una hakika na maneno ya bibi mmoja?"

"Nina hakika na matabaka. Nimeyaona."

"Nimekwishawaalika watu."

"Waje. Chai ipo."

Hapo nilikosea, nakiri ulimi ulitangulia. Akaukunja mchoro, sauti ikashuka. "Kesho uripoti masjala."

Nikaripoti. Masjala ni chumba chenye vumbi ambalo halijui hata limetoka kwenye nini. Nilitoboa mafaili kwa hasira hadi mwenzangu mle ndani akaomba aketi karibu na mlango. Zuhura alilala kwenye boksi la karatasi. Kivuli kilikuwepo, kiti kilikuwepo, na sikuwahi kuchoka vile porini. Mume wangu akaniambia jioni, "Si afadhali umepumzika?" Alikula wali bila mboga siku hiyo.

Bwana Temu naye, nimpe haki yake, hakuwa mtu wa kuukimbia ukweli kwa muda mrefu. Ulimwuma tu kwanza. Aliwaandikia wageni wasije, akachukua gari, akaenda mwenyewe pwani na Mzee Sefu na Bi Tatu. Akaiona ile pembe. Akaelewa kwamba amekosa korosho ya kabla ya Wareno, lakini mbele yake kuna kitu ambacho hakijawahi kusikika katika vile vitabu vyake vyote: ukoo unaoandika kilimo chake, kizazi juu ya kizazi, juu ya ukuta mmoja. Akalizunguka kaburi mara tatu, Mzee Sefu ndiye aliyeniambia. Palikuwa na vipande vya chokaa vimeachana na ukuta, vinangoja upepo tu. Akamwomba Bi Tatu ruhusa avitoe, atazame nyuma yake.

Bi Tatu akamuuliza, "Yule mwenye mtoto yuko wapi?"

"Yuko Kibaha, mama. Ana kazi nyingine."

"Yule ndiye aliyeniuliza jina la mume wangu. Wewe umeniuliza umri wa ukuta. Mleteni."

Akajaribu kumbembeleza. Mnafikiri Bi Tatu anabembelezwa? Alikaa juu ya kanga yake, akaanza kusuka ukili wa mkeka.

Basi asubuhi moja mlango wa masjala ukafunguka, Bwana Temu kasimama, suruali ina mbigili hadi magotini.

"Mama Zuhura. Chukua kioo chako."

"Cha kuangalia mafaili?"

"Usinitese, dada yangu. Gari linanguruma."

Tulipofika, Bi Tatu alitoa ruhusa kwa masharti: kinachodondoka chenyewe tukipokee, kilichoshika tusikiguse, na kabla hatujaondoka tusaidie kupaka chokaa mpya. Bwana Temu akakubali yote, hata la kubeba maji. Tukaanza. Kipande cha kwanza kilikuja na robo ya bibo la Mbwana mgongoni mwake. Nyuma yake, ukutani, likatokea jani lenye vidole, la muhogo, bila shaka yoyote. Pembeni, chini zaidi, palipokuwa pamebanduka zamani, nikatupia mwanga, na suke likasimama na kivuli chake. Suke la mtama, shingo imepinda kabisa, kichwa kinatazama chini.

"Shingo ya bata!" Bwana Temu akapiga kelele makaburini. Akaziba mdomo. Kisha kwa kunong'ona, "Mtama wa shingo hii haulimwi tena huku. Mimi binafsi sijauona shambani hata mmoja. Umeuona wapi wewe, babu?" Alikuwa anaongea na kaburi.

Chini ya huo mtama, kwenye jiwe lenyewe, pale alipoanzia fundi wa kwanza, kuna shada ambalo mpaka leo hatujui ni la nini. Lina tunda dogo, la mviringo, limekaa kwapani mwa jani. Nawaachia nyie. Atakayelitambua anitafute Kongowe, nitampikia.

Mzee Sefu alikuwa anakoroga chokaa na Bi Tatu, wanabishana.

"Mwaka huu tumekula nini, cha kumwonyesha babu?" Bi Tatu akauliza.

"Unga wa njano wa msaada," akajibu kaka mtu. "Foleni na unga wa njano."

"Sasa huo tutauchoraje?"

"Chora gunia."

"Gunia! Babu akiniuliza liliota wapi nimjibu nini?"

Tulicheka sote, na ndipo Zuhura alipoamka akilia. Nilikuwa nimebana karatasi kwa viwiko viwili, nta mkononi, jua linapanda, dakika chache tu na lile suke lingelala bapa. Mikono ya Bi Tatu ilikuwa chokaa tupu, ya Mzee Sefu vile vile. Nikageuza shingo.

"Bwana Temu, mshike."

"Mimi?"

"Kuna Temu mwingine?"

Akamchukua kama mtu anayepokea bakuli la Kichina. Akamtikisa vibaya, nikamwelekeza. Akamweka begani, kilio kikapungua. Akaanza kumtembeza baina ya makaburi, anamwambia habari za mtama, na mtoto anamsikiliza. Nilikuwa nimefika kwenye mpindo wa shingo ya suke nilipomsikia anashusha pumzi ndefu. Nikatazama. Kaunda suti yake, ile ya kukutania na wageni wa Dar es Salaam, ilikuwa imelowa kutoka begani hadi mfukoni. Nikaweka nta chini ninyanyuke.

"Usisimame!" akasema. "Jua linapanda. Chora!"

Nikarudi kwenye suke. Lakini ulimi wangu mnaujua. "Na masjala, Bwana Temu? Maana kesho natakiwa niripoti."

"Masjala gani?" akasema, akimhamishia Zuhura kwenye bega lililo kavu.